Doña Saturnina Colque, Aliyekataa Kuwapigia Magoti Watu wa Juu

Wasikilizaji wapendwa, leo muziki utangoja. Doña Saturnina Colque amefariki. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Saturnina Colque, mpiga picha za harusi, alifariki juzi nyumbani kwake, nyuma ya soko. Maziko ni kesho, baada ya misa ya asubuhi.

Wapo watakaosema marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Lakini yeye alimsema kila mtu, tena usoni pake, na tukimpaka sukari leo atatucheka huko aliko. Basi tumseme alivyokuwa.

Alikuwa mfupi na mkali, na sketi zake za marinda zilinuka dawa za kusafishia picha. Mumewe alifariki mapema, akamwachia kamera, chumba cha giza na binti mchanga, Nieves. Wapiga picha wanaume wakamngoja ashindwe. Siku moja kabla ya kila harusi walimkuta kanisani, kakaa kwenye benchi, anatazama jua linaingilia dirisha lipi.

"Doña Satu, unasali au unasinzia?"

"Nawaombea nyinyi," aliwajibu, "mtakaokuja kesho kushangaa kwamba kanisa lina giza."

Nieves, ambaye sasa ndiye mwenye kamera, alituambia jana kwamba kazi alifundishwa kwa kugombezwa. "Betri zako ziko wapi? Kwenye mkoba? Baridi itaziua kabla padri hajasema amina. Zitie kifuani!" Kuhusu kofia za pama: "Pama inatia uso kivuli. Lakini usimwambie mama wa watu avue pama yake, atakuvua nguo kwa maneno. Mwambie ainue kidevu." Kuhusu kuchekesha watu: "Hapa picha ya ukoo haichekewi. Ukiwachekesha wazee, wataona umewadhihaki." Na kuhusu yule ndugu anayenuna, ambaye hakosi katika harusi yoyote: "Mpige picha wa kwanza. Ukimwacha mpaka mwisho, atakuwa amenuna na amelewa."

Sasa tufike pale ambapo wengi wenu mmekuwa mkipangoja, najua.

Sote tunajua picha ya ukoo inavyopangwa hapa kwetu. Ukiitazama, Watu wa Juu, wa mtaa wa juu, wako kulia, kwenye heshima, na Watu wa Chini, wa mtaa wa chini, wako kushoto. Si jambo la kujadiliwa. Ndivyo tunavyokaa kanisani na ndivyo tunavyozikwa.

Ikaja harusi ya Zenobia, binti wa don Evaristo Chura wa Juu, na Hilarión Tola wa Chini. Koo hizo mbili zilikuwa zimepigana mawe kwa ajili ya chemchemi ya kunyweshea mifugo yao ya lama. Harusi ile ndiyo iliyowanyamazisha. Narudia: harusi ile ndiyo iliyowanyamazisha.

Mlangoni mwa kanisa, doña Saturnina aliwapanga kama mifugo.

"Wewe mwenye masharubu, rudi kwenu kulia!"

"Nimesimama hapa kwa heshima ya binti yangu," akanguruma don Evaristo, "si kwa ajili ya hawa wanywa matope."

"Simama kwa ajili ya umtakaye, mzee, lakini inua kidevu."

Picha kubwa ilitakiwa itundikwe ukumbini siku ya pili, kabla bia ya kwanza haijafunguliwa. Alikuwa na haraka. Katika chumba cha giza akaiweka filamu kinyume, na picha ikatoka imegeuka, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Wa kulia wakawa kushoto, wa kushoto wakawa kulia. Alikosea, wasikilizaji wapendwa, na hakugundua. Akaitundika mwenyewe.

Don Evaristo akaisogelea ile picha, akaitazama, akageuka.

"Zenobia, chukua vitu vyako. Twende nyumbani."

"Baba..."

"Wametuweka kushoto! Watatuona hivi wajukuu na vitukuu. Na wewe, bibi, Tola wamekulisha kondoo wangapi?"

"Mwongo wewe! Sisi hatujamlisha mtu," wakapiga kelele upande wa pili, na vijana wakaanza kushika chupa kwa shingo.

Doña Saturnina akapanda juu ya kreti la bia. Akaitazama kazi yake.

"Nimekosea," akasema. "Mimi, peke yangu. Filamu niliiweka kinyume. Hamniamini, itazameni pete. Zenobia, inua mkono wako."

Zenobia akauinua mkono wa kushoto, na pete iko pale. Kwenye picha, pete ilikuwa mkono wa kulia. Vijana wakazishusha chupa. Kabla ya chakula doña Saturnina alirudi na picha nyingine, iliyonyooka.

"Picha naipokea," alisema don Evaristo. "Wewe sikupokei. Piga magoti, uwaombe radhi Watu wa Juu."

"Radhi nimeiomba kwa kazi. Magoti yangu ni ya kanisani."

Zenobia alibaki na mumewe, na yuko naye mpaka leo. Lakini tangu siku ile hakuna nyumba ya Juu iliyomwita doña Saturnina. Walimwita Wálter, mpiga picha kutoka mjini, ambaye alimtania msimamizi wa harusi atabasamu, akarushiwa kiazi. Hata hivyo wakamwita tena. Watoto wakaambiwa, "Yule bibi alituuza." Watu wazima wakapita mbele ya duka lake wakitema mate, naye akatoka mlangoni: "Temeni upande wa kushoto, ndiko nilikowaweka!" Hilo halikumsaidia, tuseme kweli.

Kwa Nieves ukali ukazidi. "Kabla picha haijatoka mkononi mwako, tafuta pete. Kama hakuna pete, tafuta vifungo vya koti. Usiamini macho yaliyochoka."

Tulimuuliza Nieves, mama yako alitaka nini? Alijibu, "Alitaka wamwite. Harusi moja tu ya Juu. Kila msimu wa harusi ulipofika alisafisha lenzi zote, hata asizozihitaji." Amefariki hawajamwita.

Na jana, mwili ukiwa bado sebuleni, alifika mjumbe kutoka Juu. Wana harusi baada ya Pasaka, wanamtaka Nieves. "Kwa kuwa bibi hayupo tena," alisema, "ugomvi si umekwisha?"

Nieves alimjibu hivi: "Nitakuja. Lakini waje wao kwanza. Mama amelala, hawezi tena kuwatukana. Waje na majani ya koka kama watu wanavyokuja msibani, waseme mbele yake kwamba hakula kondoo wa mtu. Wasipokuja, Wálter yupo."

Mpaka naingia hapa studio, maua yaliyofika yote ni ya Chini.

Kwa Nieves Colque na ukoo wake wote, pole kutoka kwetu sote redioni. Mungu ampumzishe mama yenu, ingawa sidhani kama atakubali kupumzika.

Na nyinyi ndugu wa Juu, nawaomba mlifikirie hili usiku wa leo, kila mtu na nafsi yake: alikosea mara moja, akasema nimekosea mbele ya ukumbi mzima. Nani kati yetu amewahi? Njia ya makaburini inapita mtaani kwenu, haina pengine pa kupita. Tutapita polepole, jeneza mbele, na mimi nyuma yake. Milango itakayofunguliwa tutaiona. Itakayofungwa pia tutaiona.