Moshi wa Treni ya Ubundu

Mwaka 1965, waasi walipokwisha kufukuzwa mjini, Pélagie alipanda kivuko kwenda ng'ambo ya mto, upande wa stesheni. Karibu naye Papa Lukumani, mzee aliyekuwa akichochea kuni kwenye treni ya Ubundu, aliongea na mama asiyemjua.

“Treni imelala tangu vita, mama. Ile moshi yake naitamani sana.”

“Moshi ya kuni ilikula kifua ya bwana yangu mpaka akakufa. Na weye, papa, unakohoa!”

“Bon, sawa, nakohoa. Lakini watu wakiona ile moshi, walijua ndugu zao wanarudi.”

Pélagie aligeuka kuwasikiliza. Mumewe aliondoka na treni ya mwisho kabla ya vita, wala hakuwa amerudi.

Kivuko kikagusa gati. Wale wawili walishuka wangali wakibishana. Pélagie alibaki akitazama anga juu ya stesheni, jeupe kabisa, bila moshi.