Soseji ya Nusu Duara

Asubuhi ile ya Mei, ndani ya basi la Pittsburgh, nilikaa nyuma ya binti aliyekuwa akitafuna penseli kama muwa. Kando yake alikaa mzee mwenye aproni ya duka la nyama, iliyotariziwa jina Stosh.

"Mtihani?" mzee akauliza.

"Wa hesabu, saa mbili kamili." Binti akamwonyesha mchoro wa umbo mfano wa kilima. "Nalikata vipande vyembamba, kila kimoja nusu duara. Napata eneo la kipande, najumlisha vyote, ujazo huo. Upana huu wa chini ndio nusukipenyo."

Stosh akakunja uso. "Mwanangu, nakata soseji miaka thelathini. Ukiipasua katikati kwa urefu ukailaza, upande unaogusa ubao ni upana wote wa soseji. Nusukipenyo ni nusu ya huo."

"Mjomba, mtihani hauna soseji."

"Haya, endelea."

Binti akautazama tena mchoro wake, penseli ikamtoka mdomoni. Akafunua daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi hesabu siijui, lakini shingo inayoanza kutoka jasho naijua. "Majibu yangu yote ni makubwa mara nne," akanong'ona. "Nilisema kitabu ndicho kimekosea."

Basi likasimama mbele ya shule. Binti akafika mlangoni, akageuka, macho yamemtoka. "Na vipande vikiwa vya mraba, mjomba? Nachukua upana wote au nusu?"

Stosh akafikiri mpaka mlango ukaanza kujifunga. "Soseji ya mraba," akasema, "sijawahi kukata."