Sahani ya Golnar Khanum

Benchi la marafiki nje ya duka la mkate lilichemka kuliko birika lao la chai. Kesho ni siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya wa Kiajemi, siku ambayo kushinda ndani ni kujitafutia nuksi, na mji mzima ungehamia chemchemini na mabusati, masufuria na watoto. Maua mekundu yalishafunika kilima chote kule. Iraj, fundi saa, ndiye pekee aliyenywea. Alitamani kwenda mpaka moyo unamuuma, lakini Golnar Khanum, yule mshonaji mjane, naye angekuwepo.

— Kesho mimi nabaki, alisema.

— Ubaki na nani, na paka? Mhandisi, muuza viatu ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, alimkodolea macho. — Kisa sahani ya mwaka jana?

— Mama wa watu katupa sahani yake ya majani ya ngano kijitoni iondoke na nuksi zake, alidakia Pahlavani, mwenye jina la wanamieleka ilhali mwembamba kama mwiko. — Wewe unajitosa na viatu, unamrudishia!

— Nilidhani sahani imemponyoka!

— Ndiyo maana paa lake limevuja.

— Paa tu? Shangazi yake kaja kumsalimia, mpaka leo hajaondoka!

— Na ile mvua ya mawe je? Nuksi zilimjaa yule mama zikamwagika wilaya nzima!

— Hata timu yetu kushuka daraja, wallahi, ni huyu huyu Iraj!

Iraj hakujua acheke au alie. Alimpenda yule mama, na ndiye aliyemharibia mwaka.

— Salaam.

Golnar Khanum alikuwa nyuma yao, mikate ya moto mikononi. Pahlavani alipaliwa na chai.

— Agha Iraj, mwaka jana ulitoka majini umelowa chapachapa, nikakumiminia chai. Kugeuka, haupo. Ulikuwa unakimbia nini?

Pahlavani alichungulia glasi yake. Iraj masikio yalimwaka moto.

— Chai ilipoa, alisema Golnar Khanum. Akamwekea mkate mmoja mapajani. — Kesho nitatupa majani tu. Sahani utanishikia wewe.

Akaenda zake. Birika lilikuwa tupu, na hakuna aliyelalamika.

— Jamani, Iraj aliuliza, ameshasimama na mkate kaukumbatia, — kesho tunatoka saa ngapi?