Anatole Asukulu, aliyeuita upepo kwa ajili ya Leta

Marehemu Anatole Asukulu alizaliwa Kazimia tarehe 12 Machi 1941. Mimi, dada yake Anastasie, nilimbeba mgongoni, kwa hiyo ninasema ninachokijua.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la tano, kisha akaingia ziwani kuvua ndagala. Tarehe 9 Septemba 1967 alimuoa Pulchérie, hapa Baraka, mwanamke wa kucheka, wakazaa Florentine na Alphonse.

Mwaka 1987 serikali, ile tunayoiita Leta, ilisimamisha mlingoti wa chuma ndani ya maji, wenye vikombe vya kupima upepo. Wakubwa walisema: upepo ukitosha, Leta itaweka mitambo mikubwa ziwani, na maternité yetu, nyumba ya kujifungulia wamama, itapata umeme. Anatole akawa mlinzi. Kwa kuipenda kazi, alifanya jambo ambalo mvuvi hafanyi: siku za utulivu alipiga kasia mpaka mlingotini, akapiga muluzi kuuita upepo, ingawa wavuvi husema muluzi majini huita dhoruba.

"We baba Florentine, unaita nini ku maji?" Pulchérie alimuuliza.

"Nasaidia Leta."

"Leta haina midomo?"

Tulicheka mpaka machozi.

Oktoba 1996, asubuhi moja, alipiga muluzi wake kabla hajasikia kwamba vita imefika. Ziwa lilikuwa kama mafuta. Pulchérie akapanda mashua ya kukimbilia Kigoma. Mchana upepo ukashuka kutoka mlimani. Mashua ile haikufika popote.

Tangu hapo Anatole hakupiga muluzi tena. Lakini muluzi ulisikika, mchana kweupe, kutoka mlingotini, nao ulikuwa wa mwanamke. Askari waling'oa mabati ya Baraka yote. Chuma kile hawakukigusa. Vita ya 1998 ilipokuja, tulimwambia akimbie. Akasema, "Mama yao akirudi, atanikuta wapi?"

Aliugua mapafu tangu Januari 2002. Tarehe 14 Agosti, asubuhi, akanishika mkono.

"Ya Anastasie, dada yangu, unasikia? Sasa ni yeye ananiita."

"Usiitike, mudogo wangu."

Akakunja midomo, akapiga muluzi mara moja. Pumzi haikurudi.

Ameacha watoto wawili, Florentine na Alphonse, wajukuu saba, na mimi. Mitambo ya Leta haikuja. Maternité inazalisha kwa taa ya petroli.

Leo hakuna jani linalotikisika. Geukeni ziwani, mtazame wenyewe: vikombe vinazunguka.

Anatole, amekukuta. Pumzikeni wote wawili kwa amani.