Mama Godeberthe, Aliyekaa Mbele ya Wavu

Tarehe makumi tatu ya mwezi huu wa sita, Mama Godeberthe anaacha kazi ya kulinda samaki za muto, kisha kuifanya miaka kumi na nane. Komite ya kambi ilitafuta mutu wa kumusifu, ikaniona mimi Baba Modeste, juu hapa kambini Nakivale hakuna mwenye mudomo kunipita. Mimi nasema, binti Grâce wa komite anaandika.

Kazi yake ilikuwa hii: wakati wa kiangazi, saa sita ya muchana, anashuka kwa muto Rwizi na kipima joto kimefungwa kwa kamba, anakitia mu maji kona kwa kona, halafu namba anazipeleka kwa ofisi Mbarara. Batu balicheka: Mama wa Burundi anapima muto homa! Huo muzaha ni mimi niliuanzisha, mutu mwingine asiuchukue.

Njo yeye aliona ile fasi chini ya mafunjo, kule chemichemi inatoka mu udongo. Muto ikipata moto kama chai, pale maji inabaki baridi, na samaki zinakimbilia pale kupumua. Aliomba bamama ba kusuka mikeka basikate mafunjo ya upande ule, juu kivuli njo nyumba ya samaki. Balikubali.

Lakini kila mwaka jua inazidi. Miaka tatu iliyopita, ng'ombe za Endiinzi zilishinda mu maji mpaka shingo. Mimi, muvuvi mukubwa, nikakuta samaki ngege zimejazana pale kwa baridi, bega kwa bega kama batu siku ya kugawa chakula. Nikasema Mungu amejibu, juu nilikuwa nimefunga siku tatu. Nikaita banaume sita na wavu murefu.

Mama Godeberthe alifika, hakupiga kelele. Aliingia na kitenge chake, akakaa mu maji mbele ya wavu.

"Vuta tu, Baba Modeste. Utapata samaki moja ya kilo makumi tisa. Muke yako atatoa wapi sufuria?"

"Toka, mama! Samaki ni za Mungu."

"Njo hizi tu zimebaki hai. Ukizimaliza leo, mvua ikirudi nani atataga?"

Alikaa saa nzima. Nikaingia nimubebe. Maji ikanishika miguu, meno ikagongana, na jua iko juu ya kichwa! Mimi, mwenye niliogelea ziwa Tanganyika karibu yote! Nikamutazama: midomo yake ilikuwa imepauka, lakini hakusogea. Nikakunja wavu.

Mvua ilirudi, samaki zikataga. Mwaka uliofuata ngege zilijaa, mpaka batu ba Kikagate bakakuja kununua. Sawa, balifika nusu ya njia.

Juzi komite iliuliza nani atabaki na kipima joto. Mama akanionyesha kidole: "Mwizi njo anajua mulango." Nikasema sijui kusoma. Akafunga uzi mwekundu kwa kile kioo: joto ikipita uzi, nyavu zote zirudi nyumbani. Njo masomo yangu yote, na darasani niko wa kwanza.

Mama yetu, asante kwa ile baridi uliyovumilia. Enda kwa bajukuu, Mungu akupe kivuli kinene na siku mingi. Lakini siku joto imepita uzi, ukirudi na wavu, utanikuta nimekaa mu maji. Niko kilo makumi tano tu, lakini sitatoka.