Mgongo wa Sarafu

Ndani ya taxi-bus, Georgette alikaa nyuma ya wanaume wawili walioinamia simu moja. "Angaria, Rolly, sarafu ya falanga tano ya Katanga, ya zamani," alisema Ghislain. "Muuzaji iko Bulaya. Mnada inaisha leo."

"Paka foto moja tu?" aliuliza Rolly. "Mwambie akugeuzie, uone mugongo yake."

"Atakasirika, atauzisha bantu bengine."

"Akikasirika, njo kusema anadanganya, haiko nayo."

Georgette akachungulia. Sarafu yenye msalaba uliomeguka ncha moja, juu ya kitambaa anachokijua. Bulaya hiyo ilikuwa meza yake ya nyumbani, mtaa wa Kikula. Picha aliiweka mwenyewe Facebook siku ya Pasaka. Mgongo hakuupiga picha: marehemu mumewe aliuchomelea pini ya kuivalia.

Gari likasimama. Alipoinuka, kitenge alichojitanda mabegani kikafunguka, na Ghislain, kidole bado juu ya bei, akauona ule msalaba kifuani pake.