Bwana Antobam na Bei ya Jina la Maame Dufie

Bwana Ebenezer Antobam, Mhasibu Mkuu wetu, anastaafu tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kampuni ya Mikate ya Abotare, Accra. Alianza akiwa karani wa stoo ya unga, akasoma jioni, akafaulu mitihani ya uhasibu katika jaribio la tatu, jambo analolisema mwenyewe bila kuulizwa. Amepita chini ya wakurugenzi watano na hakuna aliyeweza kumvalisha tai.

Wengi watamkumbuka kwa jambo moja. Kampuni iliponunua matanuri ya marehemu Maame (yaani Mama) Dufie, mwokaji mashuhuri wa mikate huko Nsawam, ililipa zaidi ya thamani ya majengo, mashine na magari. Ile ziada ilikuwa bei ya jina lake jema, nasi tuliiandika vitabuni kama mali. Kanuni za uhasibu zinataka mali hiyo ipimwe kila mwaka. Jina likichuja, thamani yake ishushwe na tofauti ikatwe kwenye faida.

Wengine hupima mezani, kwa makadirio. Bwana Antobam alikuwa akienda Nsawam, anakaa kwenye benchi kando ya barabara, anawatazama wanawake wanaokimbilia magari ya abiria na masinia kichwani: mkate gani wanauinua kwanza dirishani? Chema chajiuza, alisema, ila lazima mtu akakione kikijiuza. Naye alinunua, bila shaka. Kitambi chake ni ushahidi.

Kisha goti likamsumbua, na kwa miaka miwili aliidhinisha thamani ileile kwa kutegemea taarifa za idara ya mauzo. Alipopata nafuu akaenda, akakuta mkate wetu umelala chini kabisa ya sinia. Muuzaji mmoja, Adwoa Nyarko, hakumficha: "Mjomba, mmenunua jina la Maame halafu mkafuta nyongeza yake? Yeye nikichukua ishirini alinipa na mmoja juu, na huo ndio wanangu walikuwa wakinywea uji. Nyinyi mnanipa risiti. Risiti inatafunwa?"

Nyongeza tulikuwa tumeifuta kweli, ili kuokoa unga.

Ilikuwa Novemba. Wafanyakazi walikuwa wameshaahidiwa bonasi ya Krismasi na gunia la mchele kila mmoja, kutokana na faida ya mwaka huo. Kushusha thamani ya jina kungeimeza faida yote. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Selorm Agbenyo, alimwomba asaini ile ya zamani, angoje mwaka mmoja tu. Antobam akamjibu mbele ya bodi: "Kosa la kwanza ni langu, bosi, niliwasainia jina bila kwenda kulitazama. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Hii sisaini." Thamani ikashushwa zaidi ya nusu. Bonasi ikafa, na yake pia.

Hatutapamba mambo hapa. Watu walimnunia. Meza yake kantini ilikuwa na nafasi tele hadi Pasaka. Maame Afriyie, msimamizi wa matanuri, aliacha kuitikia salamu zake, na ule si mdomo unaojua kufungwa.

Lakini hasara ile iliilazimu bodi kuuliza imetoka wapi. Nyongeza ikarudishwa Februari, na wauzaji wakarudi taratibu, kwa masharti. Mwaka jana mauzo ya Nsawam yaliyapita ya enzi ya Maame mwenyewe. Bodi ikauliza kama jina linaweza kupandishwa tena vitabuni. Aliwaeleza kuwa mashine iliyoshushwa thamani inaweza kupandishwa, jina haliwezi kamwe. Alionekana kulifurahia jibu hilo kuliko inavyompasa mhasibu.

Ijumaa iliyopita Maame Afriyie aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia sote: "Antobam, ule mchele sijausahau, usidhani nazeeka. Ila binti yangu Serwaa ameanza kazi kwangu matanurini Jumatatu. Ungesaini siku ile, hayo matanuri yangekuwepo?" Bwana Antobam alimvutia kiti.

Asante, Bwana Antobam. Ulitukosesha Krismasi moja, na hatukuwahi kukushukuru hadi leo. Uishi vyema huko kwenu Dunkwa, wewe na wako. Pengo lako tutaliona.